Mkono Wangu ni Mzima Lakini Nimeufunga Bendeji

Mpendwa Bi Dama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na wasiwasi mwingi, na kama inawezekana nakuomba unijibu kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku niliyopewa niwe nimepeleka barua ya daktari chuoni, na mimi si mgonjwa. Jina langu usilitaje, tafadhali. Hao wengine nitakaowataja nimewabadilisha majina.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, naishi Kisauni na mama mdogo, Mapenzi, ambaye ni mdogo wake marehemu mama yangu. Nasomea muziki katika chuo kimoja huko kisiwani na huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Watu wakisikia nasomea muziki hudhani nashinda nikiimba na kucheka, lakini Bi Dama, asubuhi tuna darasa la nadharia, halafu chumba cha mazoezi kina kinanda kimoja cha umeme na sisi tuko kumi na mmoja, tunagawana nusu saa nusu saa kwa kuandika majina kwenye karatasi mlangoni, na ukikwama na magari pale daraja la Nyali nusu saa yako imekwenda na hakuna wa kukurudishia, mchana ni kutunga, jioni nafundisha kwaya ya watoto, Jumapili napiga kibodi ibada mbili, na stima zikipotea nyumbani nafanya mazoezi ya vidole ukingoni mwa meza ya kulia chakula hadi mama mdogo anapiga kelele kutoka jikoni, "Wewe, meza hiyo imekukosea nini?"

Ili nimalize masomo lazima nipige piano mbele ya wasahihishaji na wageni waalikwa. Nyimbo ni tatu. Mbili tumepewa, na hizo nilizisoma kwenye karatasi, moja ni rahisi na moja ngumu, lakini nazimudu. Ya tatu lazima iwe yangu, niliyoitunga mwenyewe, na hapo ndipo penye mashaka yangu yote.

Sasa nikueleze kuhusu mama. Mama alikuwa akiuza vitunguu soko la Kongowea na Jumapili akiimba kwaya, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya wanawake wenzake, hata wakimtania, "Mama Vitunguu, nenda kasimame na wanaume." Hakukasirika. Alikwenda akasimama pale ukingoni, karibu na wanaume, akaimba. Mimi nilianza kupiga kibodi ya kanisa nikiwa na miaka kumi na mitatu, hakuna aliyenifundisha, nilitazama tu vidole vya kijana aliyekuwa akipiga kabla yangu, naye alijua ufunguo mmoja tu, ule wa C, ambao ni vibao vyeupe vitupu. Wimbo ukitakiwa kupanda au kushuka unabonyeza kitufe kilichoko pale juu, mashine yenyewe inahamisha sauti, na vidole vyako vinabaki palepale kama hakuna lililotokea. Wapiga vinanda wa makanisani tulio wengi tunaishi kwa kitufe hicho. Mama alisoma hadi darasa la nne tu lakini alikijua mahali kilipo. Alikuwa akija kusimama kando yangu anakibonyeza mwenyewe, mara tatu kushuka, kwa kidole cha mwisho, kwa sababu alisema vidole vyake vingine vinanuka vitunguu na hataki kuninukishia kinanda. "Mara tatu, mwanangu. Huko juu mimi sifiki." Ukishuka mara tatu kutoka C unafika A, kwa hiyo A kwangu ndiyo sauti ya mama.

Alifariki mwezi wa pili mwaka huu, kwa presha, ghafla, akiwa kazini. Niliitwa kutoka darasani. Nilipofika Kongowea walikuwa wamemlaza juu ya magunia matupu na mtu amemfunika miguu kwa leso, na kiatu chake kimoja hakijaonekana hadi leo. Nilikitafuta chini ya mikokoteni nikijua wazi kwamba hakina kazi tena.

Wimbo wangu nimeutunga kwa ajili yake. Maneno ni machache, ni yale aliyokuwa akiniambia asubuhi, amka, maji yamechemka, amka, jua limekutangulia. Atakayeuimba ni mama mdogo, maana yeye ndiye pekee aliyebaki na sauti ile, ukifumba macho huwezi kuwatofautisha. Na mama mdogo amepata kazi ya nyumbani Oman, mkataba wa miaka miwili, anaondoka mwezi ujao, wiki moja tu baada ya onyesho langu. Kwa hiyo kama wimbo huu hautaimbwa siku hiyo sijui utaimbwa lini, na nani.

Kosa langu ni hili. Wimbo wote niliutunga vidole vikiwa kwenye C na kitufe kikiwa chini mara tatu. Kinanda cha chuoni nacho kina kitufe. Mwalimu wetu, Mwalimu Janice, husikiliza akiwa amekaa dirishani na kufumba macho, kwa hiyo alisikia A na A ndiyo aliyotaka kusikia, hakuwa na sababu ya kuja kutazama mikono yangu. Hata karatasi ya wimbo niliiandika kwa C kwenye kompyuta ya mwenzangu Kitsao, akabonyeza mara moja, ikageuka A, ikachapwa, nikaipeleka, nikapewa alama nzuri za utunzi na kuandikiwa pembeni kwa wino mwekundu "kazi safi sana". Nilijua siku moja nitapaswa kujifunza kuupiga kwa A ya kweli, yenye vibao vyeusi vitatu, lakini kila siku nilisema kesho, na mama alipofariki sikuweza tena, nikikaa kwenye kinanda, cha kwanza kinachokwenda ni kidole changu cha mwisho, mara tatu, kabla hata sijafikiri.

Jumanne ya wiki jana Mwalimu Janice alitupeleka kwenye ukumbi wa onyesho tukajaribu piano ya pale. Ni piano ya mbao, kubwa, ya zamani. Haina waya wala taa wala kitufe. Kitsao alipiga wa kwanza. Zamu yangu ilipofika nilikaa na macho yangu, Bi Dama, yalizunguka juu ya ile mbao yakitafuta kitu ambacho nilijua hakipo. Nikaanza kwa C.

Mwalimu akafumbua macho. "Mbona uko huko? Karatasi yangu inasema A."

"Napasha vidole, Mwalimu."

"Haya. Vimepata moto. Tupigie."

Nikaenda kwenye A. Sauti ya kwanza nikaipata, ya pili nikaipata, ya tatu vidole vikaanguka kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Nikarudia, vikaanguka palepale. Nikasikia mtu nyuma akikohoa. Ndipo nikasema, na sijui lilitoka wapi, "Mwalimu, mkono unaniuma. Nilibanwa na mlango wa tuktuk asubuhi."

Mwalimu Janice aliinuka, akaushika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili, akaugeuza huku na huku. "Kwa nini hukusema tangu mwanzo, mama?" Yeye mwenyewe akaenda kutafuta sanduku la huduma ya kwanza, akanifunga bendeji kuanzia vidoleni hadi hapa kwenye kifundo, taratibu, kama anafunga mtoto. Nilitaka kusema ukweli alipokuwa akifunga mzunguko wa kwanza, na wa pili, na alipomaliza nikaona nimechelewa.

Leo ni siku ya kumi na moja. Chuoni siwezi kugusa kinanda kwa sababu wananiona, kanisani vilevile, kwa hiyo hata zile nyimbo mbili nilizokuwa nazimudu zimeanza kunitoka. Nyumbani mama mdogo ananifulia, ananisukia nywele, ananimenyea chungwa na kunipa kipande kimoja kimoja, na yeye ndiye mwenye safari ya kufungia virago. Jumapili iliyopita niliitwa mbele ya kanisa. Mzee Ngumbao, mzee wa kanisa letu, aliushika mkono huu akauombea hadi jasho likamtoka, na watu wote walinyoosha mikono yao kunielekea, na mkono ulikuwa mzima. Nilipokuwa natoka alinishika bega, "Jumapili ijayo tutataka ushuhuda, binti." Jumapili anayoisema ni kesho.

Juzi Alhamisi nilitoka nyumbani kwa haraka nikafunga bendeji mkono wa kushoto. Hakuna aliyeona ila Kitsao. Alinitazama darasani, akaandika kwenye daftari lake akanisogezea: "Dada, jeraha lako lina miguu. Jana lilikuwa kulia." Nilicheka halafu nikalia, na wakati wa mapumziko nikamwambia yote.

Kitsao ni mtu mwema lakini hajui kukaa na tatizo, lazima alitatue palepale. Kwanza alisema tubebe kibodi ya kanisa tuiweke nyuma ya piano, mimi nijifanye napiga piano huku yeye amechuchumaa anapiga kibodi. Nikamwambia wasahihishaji wana macho. Akasema, "Basi uombe kuahirishwa. Mwalimu si amesema ulete barua ya daktari kufikia Ijumaa kama mkono haujapona? Kuna kliniki nafahamiana na karani wao, barua ni dakika tano. Utapiga mwakani, umeshajifunza, kila mtu ana furaha."

"Na mama mdogo?"

Akasema, "Utampigia video."

Jioni ile nilimjaribu mama mdogo bila kumwambia kwa nini. Alikuwa akikuna nazi. Nikamwambia, hebu uimbe ule wimbo, lakini uanzie juu kidogo, nikampa sauti ya C, maana nilifikiri akiweza kuimba kwa C basi taabu yangu yote imekwisha. Alijaribu, akafika kwenye "jua limekutangulia", sauti ikakatika, akakohoa na kucheka mpaka machozi. "Mwanangu, huko juu kuna wenyewe. Mimi na mama yako tuliishia hapa." Halafu akaniambia ameshaalika wanawake sita wa Kongowea, wale waliokuwa wakiuza karibu na mama, na wamekubaliana wote kufunga meza zao siku hiyo waje kunisikiliza. Sijawahi kuona wanawake wale wakifunga meza siku ya Jumamosi. Hata siku mama alipofariki walifungua alasiri.

Onyesho ni Jumamosi ya wiki mbili kutoka leo. Bi Dama, nikisema ukweli nitafukuzwa au watanipokonya zile alama za utunzi, na mama mdogo ataondoka akijua alimmenyea chungwa mwongo. Nisiposema, nitachukua ile barua na wimbo wa mama utabaki kwenye karatasi. Na nikiufungua mkono nikasema umepona, nitasimama mbele ya wale wanawake sita na vidole vitaanguka. Wakati mwingine naona kama mama angekuwepo angeniambia nifanye nini, na wakati mwingine naona kama ni yeye aliyenizoesha kitufe hiki, halafu naona aibu kufikiri hivyo. Nifanyeje? Nijibu hata kwa ukali, mradi unijibu.

Ni mimi mwenye mkono mzima,
Kisauni.


JIBU LA BI DAMA

Mwanangu wa Kisauni, marahaba.

Barua yako ilinikuta na nyingine saba mbele yake. Nimeziruka zote, wenyewe wanisamehe, kwa sababu zao zinaweza kungoja na Ijumaa haiwezi.

Pole kwa mama. Nimekifikiria kiatu kile tangu asubuhi. Ulipokuwa ukikitafuta chini ya mikokoteni hukuwa mjinga, ulikuwa mtoto wa mtu, na kama hakuna aliyekuambia hivyo hadi leo basi nakuambia mimi.

Umeniomba ukali. Utaupata.

Usimtie marehemu katika jambo hili. Mama yako alibonyeza kitufe kwa sababu alijua sauti yake inaishia wapi, na akalisema mbele ya kanisa zima bila haya: huko juu mimi sifiki. Wanakwaya walimcheka na bado alisema. Wewe umefika mahali ambapo hufiki, umeulizwa na mwalimu wako waziwazi, ukamjibu kwa mlango wa tuktuk. Hilo hukufunzwa na mama yako. Hilo ni lako, na ni vizuri liwe lako, kwa sababu lililo lako unaweza kulirekebisha.

Huyo Kitsao anakupenda kama dada yake, lakini ushauri wake ungemfaa mtu anayekimbia polisi. Kwenye kliniki hiyo usikanyage. Sasa hivi una uongo wa bendeji, unafunguka kwa dakika moja. Barua ya daktari ina mhuri na tarehe, inakaa kwenye faili miaka mingi, na siku moja wewe ukiwa mwalimu wa watu itatolewa na mtu asiyekupenda. Halafu umeniambia mwenyewe hiyo barua itakugharimu nini. Itagharimu sauti ya mama mdogo. Miaka miwili si mchezo, na sauti ya mtu anayefanya kazi usiku na mchana katika nyumba ya wengine hairudi kama ilivyoondoka. Hata kama usingekuwa na sababu nyingine, hiyo ingetosha.

Wimbo huu lazima uimbwe Jumamosi ile. Mimi naanzia hapo, na mengine yote tuyapange kufuatana na hapo.

Kwa kuwa mimi sijui kupiga hata filimbi, nilimpigia simu mzee mmoja wa Changamwe aliyepiga kinanda kanisani zaidi ya miaka thelathini. Sikukutaja. Alicheka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Akasema, "Mwambie hayuko peke yake. Mimi niliumbuka harusini Likoni. Kinanda cha ukumbi kibovu, kitufe kimekufa, nikapiga kwa C yangu hiyohiyo, na kwaya wakaimba juu mpaka wakasimama kwa ncha za vidole. Bibi harusi alifikiri tunapiga mayowe." Alipomaliza kucheka akawa mtu mwingine. Aliniuliza wimbo una urefu gani, unarudiarudia au la, maneno mangapi. Nikamsomea ulivyoandika. Akasema wimbo wa maneno machache hivyo hauhitaji mapambo. Mkono wa kushoto upige sauti moja tu ya chini, wa kulia sauti tatu za pamoja, polepole, basi. Yale madoido uliyoyaweka katikati uyatoe. Wimbo huo usiupige kwa ufunguo mwingine wowote wiki nzima ya kwanza isipokuwa A, mwanzo hadi mwisho, huku ukiimba mwenyewe kwa mdomo, ili sikio livivute vidole. Asubuhi A, jioni zile nyimbo mbili za kupewa. Alisema pia, na hili nakupa kama alivyolisema: "Asiuguse wimbo kwenye kinanda chenye kitufe. Akae kwenye ile piano ya mbao. Aombe ufunguo wa ukumbi."

Kuuomba ufunguo wa ukumbi maana yake ni kusema ukweli. Hapo hakuna njia ya kupita kando.

Basi fanya hivi, kwa mpango huu huu. Leo jioni ukifika nyumbani fungua hiyo bendeji kabla hujavuka kizingiti. Ingia na mikono miwili. Osha vyombo vyote vilivyoko jikoni, mama mdogo akikuuliza mwambie akae chini, halafu umweleze ukiwa umeshika sahani, si ukiwa umelala kitandani unalia. Ukilia atakubembeleza, na wewe umebembelezwa siku nyingi za kutosha. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, machungwa yalikuwa yake. Lakini mtu anayeondoka nyumbani kwake kwa miaka miwili anataka kuondoka na jambo moja la kweli mkononi, na wewe unalo la kumpa. Mwambie pia kwamba huenda siku hiyo vidole vikaanguka. Mkubaliane sasa: vikianguka, yeye haachi kuimba. Aendelee peke yake, wewe umfuate pale utakapompata. Mazoezi yenu yaanze na hilo.

Wanawake sita wa Kongowea usiwaambie chochote. Wao hawaji kusikiliza ufunguo gani.

Sijui Jumapili ilikwendaje. Kama ulinyamaza, nenda nyumbani kwa Mzee Ngumbao wiki hii, si kanisani, nyumbani, umwambie ana kwa ana. Kama ulisimama ukashuhudia kwamba mkono umepona, utasimama tena Jumapili hii ukaseme haukuwahi kuumia. Najua lilivyo zito. Mzee alitokwa jasho kwa ajili yako, mwanangu. Usimwache aende akawahadithie watu muujiza ambao haukuwepo.

Kuhusu zile alama za utunzi, sikuahidi chochote. Huenda mwalimu akazipunguza, huenda akakupeleka mbele ya wakubwa wake kwa ajili ya huo uongo, na akifanya hivyo usimwone mbaya. Lakini jua tofauti: wimbo ni wako, hukumwibia mtu. Kilichokosekana ni kazi ya vidole, na kazi ya vidole ndiyo iliyokupeleka chuoni kujifunza. Wewe umejificha kwa mwalimu kana kwamba kazi yake ni kukukamata. Mwanamke aliyekwenda kutafuta sanduku la dawa kwa miguu yake mwenyewe, akakufunga vidole kimoja kimoja, huyo si wa kukimbiwa.

Kesho Jumatano fika chuoni mapema kabla ya darasa la nadharia. Toka nyumbani mapema ili magari ya daraja yasiwe kisingizio. Usimtume Kitsao, usimwandikie ujumbe kwenye simu. Gonga mlango, ingia, msalimu, na kabla hajakuuliza mkono unaendeleaje, mwonyeshe mikono yote miwili, viganja juu, useme maneno haya na usiongeze hata moja: "Mwalimu, mkono wangu haukuumia. Siwezi kupiga wimbo wangu kwa A. Nimebakiwa na siku kumi. Nisaidie."

Kisha nyamaza, umwache aseme.

Bi Dama